Sylvère, Zamu Aliyelijua Neno

Ndugu waombolezaji, tunasoma maisha ya Sylvère Ntahondi kama yalivyokuwa, maana yeye mwenyewe alichukia maneno ya kupakwa mafuta, na atakayeona tumesahau jambo asubiri tumalize.

Alizaliwa Ruziba tarehe 4 Mei 1951, akasoma huko huko hadi darasa la tano, mwaka 1963, baba yake alipofariki na shule ikaishia hapo. Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa zamu, mlinzi wa lango, kwenye ofisi moja ya msaada wa mifugo hapa Bujumbura, na pale langoni, kwa kamusi isiyo na jalada na redio ndogo, akajifundisha Kiingereza peke yake. Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na Consolate, hapa Gihosha, Mungu akawajalia watoto wanne, Odette akiwa wa kwanza.

Neno lililompa sifa lilianza kwa kumwaibisha. Mwaka 1996, vita vikiwa vimepamba moto, redio ilisema kwa Kiingereza kwamba mapigano yame-abate, naye kwa Kifaransa chake cha darasa la tano akasikia abattre, yaani kuangusha, kuchinja, kuua, akawasukumia mke na watoto chini ya kitanda mchana kutwa, kumbe nje watu wanakwenda sokoni. Consolate alitoka na vumbi kichwani, akamwambia, "Baba Odette, redio yako itatuua mbele ya risasi kufika." Kwa hasira akafungua kamusi, akakuta kwamba Waingereza waliliazima neno kwa Wafaransa zamani sana, likiwa bado na rungu mkononi, likapoa kwao hadi likawa kupungua, kama upepo unavyopungua, au homa.

Tarehe 9 Machi 1998 ikaja barua ya Kiingereza kuhusu ng'ombe thelathini na wanane wa Kajaga, mali pekee ya familia zilizokimbia vita, kwamba wasitolewe zizini mpaka ugonjwa u-abate. Katibu wa ofisi, bwana Hugues, mwenye diploma, akatafsiri kwamba wachinjwe wote, wachinjaji wakaitwa, visu vikanolewa. Sylvère akaacha lango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia na kamusi.

"Weye zamu, nani amekuita?" akauliza Hugues.

"Neno limeniita. Barua inasema ugonjwa ndio u-abate, apana ng'ombe. Sasa niambie, chef, ugonjwa munauchinja na kisu gani?"

Ofisi nzima ikacheka, Hugues akaisoma kamusi mara mbili, akapanda pikipiki mwenyewe kwenda kuwazuia wachinjaji, na ng'ombe wote wakapona, na wiki ya sita ugonjwa ukapungua, sawasawa na barua.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2003, akafariki hospitalini Jumanne, tarehe 17 Februari 2004, saa nne asubuhi. Kabla ya hapo, maumivu yalipolegea, alimwambia Consolate, "Yame-abate," na safari hii mama hakuingia chini ya kitanda, alimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gihosha, wafanyakazi wenzake, na bwana Hugues, aliyebeba jeneza upande wa mbele na kuturuhusu kulisoma kosa lake mbele yenu. Watu wa Kajaga, maziwa tuliyokunywa asubuhi hii ni yenu, na mmetuambia zizi sasa lina ng'ombe sitini na mmoja.

Sylvère, pumzika kwa amani yako: hakuna kilichopungua.