Kuku wa Shangazi kwenye Kitalu cha Nyanya

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Salima aliinua kopo la kumwagilia juu ya kitalu chake cha nyanya, na kitalu kikamdonoa kidole. Chini ya kichanja cha makuti, katikati ya miche, kuku wa shangazi yake alikuwa ameatamia. Salima alikuwa amerudi usiku kutoka Dar es Salaam, alikokwenda wiki nzima kwa usaili wa kazi, na bustani alimwachia Shangazi Mwanaharusi aimwagilie. Akachungulia chini ya kuku. Kati ya mayai mlikuwa na kipande cha mkaa, kinga ya radi. Maana yake Shangazi alikwishajua, akabariki, akaweka na mlinzi, na tangu hapo maji yakakoma. Miche ilikuwa imeinamisha vichwa kama watu waliofiwa. Ikikosa maji tena itakufa, na baba yake Salima, aliyempa uwanja ule kwa msimu mmoja tu, alikwishaapa kwamba usipotoa mboga unarudi kuwa shamba la mihogo. Lakini kuamua kati ya dada yake na binti yake hakutaka. "Nendeni kijiweni mkasikilizwe," alisema. Kijiwe chenyewe ni benchi la Haidari muuza kahawa, lililoegemea wigo wa bustani ile ile, na alasiri wenyewe walikuwa wameshakaa: Mtoro, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mbuzi, Dulla fundi simu, aitwaye Injinia, na Mwinyimvua, aitwaye Mzee Masika kwa kutabiri mvua ambazo hazijanyesha mpaka leo.

— Shikamooni, Salima alisema. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nimwagilie au nisimwagilie?

— Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, alisema Mzee Masika. Jambo la kuku halisemwi wima.

— Miche haina muda wa mimi kukaa, mzee.

— Kaa.

Salima akakaa ukingoni. Shangazi Mwanaharusi yeye hakukaa. Alisimama upande wa pili wa wigo, ndani ya bustani, khanga kiunoni, kama askari wa lango.

— Atakayemgusa kuku wangu, alisema, atafute ukoo mwingine.

— Shangazi, mimi nimekuachia miche, si kuku.

— Na maji nimemwagilia. Kuku alipokaa nikaacha. Nimlowanishe mzazi?

Wakili akaweka kikombe chini, akajikohoza.

— Sheria iko wazi. Wahenga wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Je, huyu ana kamba?

— Hana, Salima akajibu.

— Basi si mgeni, ni mwenyeji. Sasa hapo wavamizi ni nyanya.

— Wakili, nyanya nimepanda mimi. Nilisia mbegu kwa mstari, nikapima nafasi kwa rula.

— Rula si hati ya kiwanja, bibie. Kuku kakalia ardhi kwa matako yake. Miliki gani inashinda hiyo?

Haidari akacheka mpaka dele la kahawa likayumba mkononi. Mzee Masika hakucheka. Yeye alikuwa anatazama angani, ambako hapakuwa na wingu hata la kufutia kidole.

— Mnabishana bure, alisema. Dalili ya mvua ni kuku.

— Ni mawingu, mzee, alisema Salima.

— Mawingu ya watu wa mjini. Sisi wa bondeni tulitazama kuku. Huyu amepanda kitaluni, palipoinuka, kwa sababu kaona maji yanakuja. Mto utajaa, utapita Nyamwage, utafika hapa benchini. Mwache akae. Kesho kutwa nyanya zako zitanyweshwa na Rufiji yenyewe.

— Zikishanyweshwa na Rufiji, zitakuwa zimefika Mafia, alisema Haidari.

— Zitakuwa zimekunywa, lakini.

Injinia alikuwa amenyamaza, na Injinia akinyamaza watu huanza kuhofu. Alikuwa anachora ardhini kwa kijiti.

— Tumnyanyue kwa jeki, alisema.

— Nani?

— Kuku. Jeki ya gari la Noah ninayo. Tunapitisha ubao chini ya mayai, tunapandisha polepole, dada Salima anamwagilia chini, kuku yuko juu ghorofani. Juu tunaweka feni ya sola asipate joto. Na spika.

— Spika ya nini?

— Vifaranga wakisikia kaswida tangu yaini wanatoka na adabu. Hawatachakura bustani maisha yao yote. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Wakili.

— Kama yako ya kamba.

Salima aliinuka, akachungulia kwenye wigo. Mche wa mwisho wa mstari wa kwanza ulikuwa umelala kabisa.

— Naomba mnijibu kabla ya magharibi, alisema. Tafadhalini.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alisema Mzee Masika kwa upole. Kuku akifika siku ya tatu, mpe jembe alime mwenyewe.

Hapo bodaboda ikasimama, akashuka mama mmoja mwenye ndoo ya kamba wabichi kutoka Nyamisati, akaomba kahawa huku akingojea gari. Alisikiliza kikombe kizima. Wakili alikuwa amefikia kugawa vifaranga: nusu kwa mwenye kuku, robo kwa mwenye kitalu, robo kwa benchi kwa usumbufu.

— Samahanini, alisema yule mama. Na jogoo ni wa nani?



Wakili akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Haidari. Haidari akaanza kupangusa kikombe kilichokuwa safi.

— Jogoo wa mtaa huu, alisema Haidari hatimaye, si tulimla maulidi?

— Na kuku ameanza kutaga lini? aliuliza mama.

— Baada ya maulidi, Salima akasema taratibu.

— Shingo nilikula mimi, alisema Mzee Masika, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi.

— Labda yule wa ng'ambo ya barabara, alisema Injinia.

— Avuke lami, mabasi ya Lindi yanavyopita, kwa ajili ya kuku huyu? aliuliza Wakili.

Gari la mama likafika, akaondoka na ndoo yake. Wanaume wakakumbuka, wote kwa pamoja, kwamba alasiri hawajaswali. Ng'ambo ya wigo Shangazi Mwanaharusi alibaki peke yake, kajiinamia, anamtazama kuku wake.

— Nilishamwahidi kila mjukuu kifaranga wake, alisema. Nilishawapa na majina.



Asubuhi yake, kabla Shangazi hajaamka, Salima alimwagilia kitalu chote, mstari kwa mstari, kuku akiloa na kumlaani juu ya mayai yake matupu, yasiyo na mbegu ya jogoo. Kisha akachukua kikapu, akatandika majani makavu ndani, akavuka barabara kuu. Hakubisha hodi nyumba ya kwanza, wala ya pili. Alisimama katikati ya njia, kikapu mkononi, akingoja asikie jogoo anawika ua gani, ili akaombe hapo mayai ya kumwekea kuku wa Shangazi.