Liwa Iliyogeuza Dhahabu

Mama zangu na dada zangu wa kikundi, kwanza nisameheni mwandiko. Niliishia darasa la sita, na nikiandika naenda polepole kama anayevuka matope. Nilitakiwa nisimame niseme kwa mdomo, lakini mnanijua, nikitazamwa na watu wengi maneno hunipotea. Nimemwomba katibu anisomee. Akikwama kwenye neno, kosa ni la herufi zangu.

Jina la mtu sitalitaja.

Kwetu ni Kulesa. Kule tunalima, na uso tunapaka mafuta ya nazi tukiyapata. Niliolewa hapa Garsen, kwa watu waliotoka upande wa Kipini. Wao wana desturi kwamba mwanamke akijifungua hukaa ndani mpaka arobaini. Hupikiwa, hukandwa, na hupakwa liwa asubuhi na jioni. Liwa ya kweli ni mti. Kipande chake husuguliwa juu ya jiwe pamoja na marashi mpaka kitoke kama uji mzito, na huo ndio unaopakwa usoni na shingoni. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule sikujua hata inanukaje.

Nilijifungua mtoto wa kike. Mama mkwe wangu alifurahi mpaka akavua vipuli vyake vya dhahabu, alivyorithi kwa mamake, akanivisha.

"Vitakaa kwako mpaka utoke arobaini," akaniambia. "Halafu vinarudi. Usije ukavizoea!"

Tukacheka.

Kusugua liwa ni kazi, na mabega yake yalikuwa yanamuuma. Wifi yangu akaleta kopo kutoka sokoni. Lilikuwa jeupe, lina picha ya jani na ua. Halikuwa na jina la kiwanda wala la yaliyomo.

"Mama, hilo jiwe lako liweke," akasema. "Hii imeshasuguliwa. Liwa, manjano na ndimu, asili tupu. Muuzaji amesema hata mtoto mchanga anapakwa."

Mama mkwe akanusa. "Mbona hainuki liwa?"

"Liwa za siku hizi hazinuki."

"Na wasichana wa siku hizi hawasugui," mama akajibu. Lakini kopo alilichukua.

Haikupita muda uso wangu ukaanza kung'aa. Wanawake waliokuja kumtazama mtoto walisema, "Mashaallah, uzazi umekukaa!" Mimi niliyekuwa nimeungua na jua la shamba nilichukua kioo, nikajitazama. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilifurahi.

Siku ya kutoka ndani, mama mkwe akanivua vipuli vyake. Akavipeleka mlangoni kwenye mwanga. Vilikuwa vimepauka, na upande uliokuwa ukigusa shingo ulikuwa mweupe kama sufuria. Akakwaruza kwa ukucha.

"Hivi si vyangu."

"Ni hivyo hivyo, mama. Sijavivua."

"Mamangu alivivaa, nami nimevivaa kabla hujazaliwa. Havikugeuka. Vimegeukaje kwako?"

Wifi akasema kwa sauti, wageni wasikie, "Labda Kulesa kuna mtu anapendeza kwa dhahabu siku hizi."

Nikamchukua mtoto, nikarudi naye ndani. Mume wangu hulima Bura, kwenye mashamba ya mfereji. Alipokuja na pikipiki yake, wakamwambia kabla hajanawa miguu. Akanivuta pembeni. "Kama uliviuza niambie tu. Sitakupiga." Hilo liliniuma kuliko matusi yote. Kumbe hata yeye aliamini. Tangu siku hiyo nilikuwa mwizi wa nyumba ile, na nikawa sisemi ila kuitikia.

Maneno yalikuwa mengi juu ya dhahabu. Kopo lilikuwa pale pale dirishani, hakuna aliyelitazama.

Arobaini iliisha lakini niliendelea kujipaka. Sifa ya uso ndiyo peke yake niliyokuwa nimebakiwa nayo. Mama mkwe naye akawa anajipaka mikononi.

Kisha viganja vya mtoto vikawa na rangi ya waridi, na nyayo vivyo hivyo. Wanawake wakasifu. "Huyu atakuwa mweupe kumshinda mamake." Baadaye ngozi ya vidole ikaanza kubanduka. Alitoka jasho mpaka nguo zikalowa, akawa analia bila kunyamaza, ziwa anashika anaacha. Miguu aliyokuwa akiirusha ikalegea. Ukiinua mmoja na kuuachilia, unaanguka tu. Wifi akasema ni jicho la watu, akafukiza ubani. Mimi mwenyewe miguu ilivimba, na mdomoni nilikuwa na ladha kama niliyelamba sarafu. Nikaambiwa ni uzazi.

Kila alipolia nilimbana shavuni kwangu. Hapa huwa nashindwa kuendelea, lakini nitaandika. Nilikuwa nambembeleza mwanangu kwa kitu kile kile kilichokuwa kinamuumiza.

Tulipompeleka kliniki kuchanjwa, sista alimfunua, akashika vile vidole, akaiweka sindano chini.

"Mnampaka nini huyu?"

"Mafuta ya nazi tu," mama mkwe akasema.

"Na mamake?"

"Liwa. Kitu cha asili."

"Liwa naijua," sista akasema. "Haifanyi hivi."

Mama mkwe alinyoosha mkono kumfunika mtoto, na nikauona ukitetemeka. Hakuweza kuishika ncha ya shuka. Nikautazama mkono ule, nao ulikuwa ukipakwa kopo lile lile, nikawatazama akina mama kwenye benchi. Nikasema, "Sista, ile liwa ya kopo iligeuza dhahabu."

"Usianze hayo hapa mbele ya watu," mama mkwe akaninong'oneza.

Nikarudia, kwa sauti. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Sista akatuambia tusijipake tena, tunawe kwa sabuni, na kopo lifungwe ndani ya mfuko liletwe kwake. Tusilichome moto wala tusilitupe mtoni. Tukapewa barua ya hospitali kubwa, na huko tulipopimwa ndipo niliposikia neno zebaki. Ndiyo iliyotiwa kwenye kopo ili ngozi iwe nyeupe upesi, na ndiyo iliyovigeuza vipuli. Hupita kwenye ngozi ikaingia ndani, ikashika figo na mishipa ya fahamu. Mtoto aliipata kwenye shavu langu, kwenye shingo yangu, na kwenye maziwa.

Mimi na mtoto tulikaa wodini mpaka nguo tulizokwenda nazo zikachakaa. Mama mkwe alikuja.

"Nilikuita mwizi," akasema.

Nikaendelea kumfuta mtoto jasho.

"Sema kitu basi, mwanangu."

"Mshike mtoto, nikaoge."

Akanyoosha mikono, ikatetemeka, akairudisha. Akakaa sakafuni, akanyoosha miguu, nami nikamlaza mtoto mapajani mwake. Niliporudi bado alikuwa hajasogea.

Namshukuru sista yule, aliyeuliza na akangoja jibu. Namshukuru mume wangu, aliyekuja kuniomba radhi mbele ya mamake. Nawashukuru ninyi mlioniletea uji na sabuni bila kuuliza nani alikosa. Na namshukuru Mungu, tuko hai sote watatu, mimi, mtoto na mama mkwe.

Ninalowaomba ni hili. Neno asili huandikwa na yeyote anayetaka kuuza. Kopo lisilosema kilichomo na kilikotoka, liacheni. Kinachowafanya weupe kwa muda mfupi, kiacheni hata kama kina picha ya jani. Kama mnataka liwa, sugueni mti. Kama mnataka manjano, nunueni mizizi muisage wenyewe. Na msingoje dhahabu iwaambie, wengi wetu hatuna dhahabu. Ukiwa na shaka, peleka kopo kliniki, useme, hata kama unaona haya kama mimi.

Mwanangu sasa anakula na kucheka. Wenzake wa rika lake wanakimbiza kuku. Yeye anakaa, na akishikiliwa husimama kidogo halafu magoti yanamwachia. Madaktari wanasema tungoje.

Najua barua hii itasomwa pia kwa vikundi vya Chara na Bura. Kama kuna mama huko ambaye mtoto wake alipatwa na hili, tafadhali niandikie, umpe katibu. Hata mistari miwili inatosha, na mwandiko mbaya si kitu. Niambie tu kama alitembea. Na kama hakutembea, niandikie vilevile.