Fundi Cherehani na Dakika Kumi

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya damu ya hospitali yetu, Mama Sekunde anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi, naye alilijua. Ukichelewa hata sekunde moja kuutoa mrija wa damu kwenye maji ya uvuguvugu, ulimkuta nyuma yako, mikono kiunoni, kimya. Afadhali angefoka.

Alianza kwa kuosha vioo, akasoma masomo ya jioni, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo. Chai yake ilikuwa chungu kama shubiri, nasi tuliinywa kwa adabu.

Kwa walio idara nyingine: ili kupima kuganda kwa damu, tunachanganya plazma, yaani maji ya damu, na unga laini wa udongo mweupe. Chembe za unga huo zina chaji hasi. Chaji hiyo huamsha kimeng'enya cha kwanza cha kugandisha damu, nacho huamsha kinachofuata, hivyo hivyo mpaka damu igande. Utaratibu ulikuwa kusubiri dakika tatu, kutia kalsiamu, kisha kuhesabu sekunde mpaka igande.

Mwaka wake wa kumi na moja alikuja fundi cherehani mwenye ngiri, apimwe damu kabla ya upasuaji. Plazma yake ilichelewa mno kuganda. Mama alirudia kipimo, akatia sahihi. Daktari wa upasuaji akaogopa kumpasua, akamrudisha nyumbani. Wiki chache baadaye ngiri ilijinyonga, utumbo ukakosa damu, fundi akafariki.

Mjane wake alifika maabara na neno moja tu: "Mbona sindano ilikuwa inamchoma kila siku? Anafyonza kidole, anaendelea kushona." Hakuna aliyewahi kumuuliza marehemu jambo hilo.

Mama alitoa plazma ya fundi iliyobaki kwenye friza, akaiacha na unga dakika kumi badala ya tatu. Iliganda kama ya mtu yeyote. Kimeng'enya cha kwanza kilikuwepo. Kilichokosekana ni msaidizi wake, protini nyingine ya damu, ndiyo maana kiliamka polepole. Mwilini, jeraha huzibwa kwa njia nyingine isiyomtegemea msaidizi huyo. Fundi angeweza kupasuliwa.

Mama hakuficha. Alikwenda mwenyewe kwa mjane, akaketi, akamweleza yote. Alirudi macho yamemwiva, akaomba ndugu wa marehemu wapimwe. Dada yake mdogo alikutwa na damu ya namna ile ile. Alipohitaji upasuaji wa kizazi hakurudishwa nyumbani, alipasuliwa, akapona. Tangu hapo, kila jibu la aina hiyo hupewa mrija wa pili wa dakika kumi, na mgonjwa huulizwa: ukijikata, inakuwaje?

Asante, Mama, kwa ukali wako na kwa moyo wako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku zisizo na haraka. Ulikubali tuandike habari zako kwa sharti moja: fundi yule asiachwe nje, na wewe usisafishwe jina. Tumemtaja, Mama. Sasa pumzika.