Mzee Wesley Munyao, Refa wa Hatua Kumi na Moja

Mchungaji wetu, chifu, wazee, akina mama, marefa mliokuja na filimbi zenu shingoni, na nyinyi nyote mlioacha kazi zenu Jumamosi ya leo mkaja hapa Kola kumsindikiza baba yangu, poleni na asanteni. Mimi naitwa Mwelu, ndiye kitinda mimba wa marehemu, na huyu niliyembeba ni mwanangu, akilia mtanivumilia. Kaka Erastus ndiye alipaswa kusoma, lakini alisema hawezi, nikapewa mimi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, na naogopa, sijawahi kusimama mbele ya watu wengi hivi, tena nikiwa vile mnavyonijua. Kuna mahali nitafika ambapo baadhi ya jamaa waliniomba nipite haraka. Na kuna jambo limesemwa hapa kijijini, kwamba Mzee Munyao alikuwa anamkimbia mjukuu wake kwa sababu hana baba, nami siwezi kukubali azikwe na neno hilo juu yake. Hayo mawili ni kitu kimoja, mtaona nikifika.

Marehemu Wesley Munyao alizaliwa mwaka wa 1947 hapa hapa Kola, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wathome na marehemu Kavata. Kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, kama vitambulisho vya wazee wengi wa rika lake, lakini nyanya alikuwa akisema ilikuwa wakati wa kupalilia mbaazi, na mvua ilikuwa imekataa.

Alianza shule mwaka wa 1956, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1963, akafaulu, lakini Mzee Wathome akasema kisomo hicho kinatosha, ng'ombe nao wanataka mtu, basi akachunga miaka minne bila kunung'unika, au kama alinung'unika aliwanung'unikia ng'ombe. Tarehe 6 Mei 1968 aliandikwa tarishi katika ofisi ya elimu ya wilaya mjini Machakos, akapewa baiskeli, akawa anapeleka barua shule zote za upande wa Kola na Mwala, kwa jua na kwa vumbi, mpaka tarehe 30 Juni 2000, alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake.

Tarehe 15 Desemba 1973 alifunga ndoa na mama yetu, Kalondu, ambaye ameketi pale mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Erastus aliyezaliwa mwaka wa 1974, Syombua aliyezaliwa 1977 na ambaye ameolewa Mwala, na mimi niliyezaliwa tarehe 9 Machi 1983, nikiwa nimechelewa sana, hata baba alikuwa akiniita muda wa nyongeza.

Sasa nije kwa mpira, kwa sababu huwezi kusema Munyao ukaacha mpira. Alikuwa akifika shuleni na barua anakuta walimu wanatafuta mtu wa kupuliza filimbi, anaegemeza baiskeli, anapuliza, na mwaka wa 1979 akaenda kufanya kozi ya marefa mjini Machakos, wiki moja, akarudi na cheti na kamba ya katani. Ile kamba ilikuwa na urefu wa mita tisa na kitu, umbali ambao ukuta wa wachezaji unafaa kukaa kutoka kwa mpira wakati wa frikiki, yaani mpira wa adhabu, na kwa vile refa hawezi kutembea na kamba uwanjani, anapima kwa miguu, hatua kumi ndefu. Baba aliinyoosha ile kamba barabarani hapo langoni, akawa anatembea kando yake kila jioni, kumi, anarudi, kumi, anarudi, mpaka mguu wake wa kumi ukawa unakanyaga mwisho wa kamba bila yeye kuangalia chini. Mama anasema majirani walikuja kumuuliza kama mumewe yuko sawa, na yeye hakuwa na uhakika.

Lakini Agosti ya 1981, kule Mwala, kukatokea frikiki karibu na mwisho wa mechi, baba akahesabu kumi, akaweka ukuta, mpira ukapigwa ukampata kijana mmoja sikioni, na hilo sikio halijasikia mpaka leo. Huyo kijana ni Mzee Ndeti, yuko hapa, mnamwona ameinamisha kichwa upande mmoja ili anisikie. Baba hakulala raha. Alirudi nyumbani, akakimbia kutoka hapa mpaka sokoni na kurudi mpaka akachoka kama mtu aliyechezesha mechi nzima, ndipo akanyoosha kamba na kupima, akaona zile hatua zake kumi haziifikii. Miguu ikichoka inafupisha hatua, na mwenye miguu hajui, anahesabu kumi na anaamini ni kumi. Kuanzia siku hiyo, kipindi cha kwanza alipima kumi, kipindi cha pili akapima kumi na moja.

Watu walimcheka kwa hiyo moja, wachezaji walilalamika, wengine wakasema amekula cha watu. Kwenye fainali ya mwaka wa 1996 uwanja wa Machakos, ukuta wa Mwala ulikataa kurudi, anapima wanasogea, anapima tena wanasogea, na watu wote wanapiga miluzi, mpaka kapteni wao, Henry, ambaye pia yuko hapa, akamwuliza kwa sauti, "Refa, kwani unapima shamba?" Baba akamjibu, "Eeh, na mpaka ni hapa," akasimama yeye mwenyewe mbele yao, mgongo kwao na uso kwa mpira, hakutoka mpaka miguu yao yote iliporudi. Tukiwa nyumbani alikuwa akituambia, watu hudhani ukuta unarudishwa nyuma ili kumsaidia mpigaji, mimi nawarudisha hao vijana kwa ajili ya masikio yao.

Sasa nafika kwangu mwenyewe, na ni aibu lakini lazima nipitie hapo. Mwaka wa 2003 nilienda Athi River kufanya kazi ya kushona nguo kiwandani, na Agosti ya 2004 nikarudi nikiwa na tumbo, bila mtu wa kunifuata. Nilijua baba atanifukuza, hata begi sikulifungua. Hakuniuliza swali hata moja, alihamisha jembe na magunia kutoka chumba cha Erastus akaniambia niingie. Mtoto akazaliwa tarehe 14 Novemba, na wakati wa kumpa jina baba alisema mtoto huyu ni wa boma hili, aitwe Munyao, akamshika, akamwangalia, akamrudisha kwa mama, na mama tangu siku hiyo anamwita huyu mtoto mume wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ya baba kumshika, na ilikuwa pia ya mwisho.

Januari mwaka huu alianza kukaa nje. Aliweka kiti chake kando ya tangi la maji, akapima kutoka mlango wa jikoni, akasema mkeka wa mtoto usipite hapo mlangoni. Chakula alitaka kiwekwe juu ya jiwe. Usiku alilala katika ghala, madirisha wazi. Mtoto alipoanza kutambaa, mwezi wa Juni, alikuwa anaenda moja kwa moja kwa babu yake, watoto hawajui mambo, na baba anainuka, anabeba kiti, anarudi nyuma, mtoto anafuata, baba anarudi tena, mpaka anaishia kwenye ua wa mikonge. Akina mama waliokuwa wakitoka mtoni na punda waliona hivyo, wakasimama, wakacheka. Niliposikia kule kwa kinu cha posho kwamba Munyao anamkimbia mtoto wa Athi River, na mwenye kusema hakujua niko nyuma yake, nilirudi nyumbani nikafunga begi, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeona hivyo hivyo na nilikuwa nimenyamaza.

Jioni hiyo baba alikuwa anapima tena, kutoka mlangoni kwenda kwenye kiti. Alifika hatua ya sita akasimama kuvuta pumzi, akaendelea, akamaliza kumi na moja, akageuka, akaona bado yuko katikati ya uwanja, karibu nasi. Aliangalia miguu yake kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwelu, hatua zangu si za kuamini tena. Pima wewe."

Nilimwuliza napima nini, nikiwa na hasira, na begi likiwa pale mlangoni.

"Niko na kifua kikuu," akasema, "tangu Januari. Huyo mtoto akae mbali na mdomo wangu. Na wewe usilie, ukilia utakuja karibu."

Basi nilipima. Nilimbeba mtoto nikatembea hatua kumi na moja za miguu yangu, ndefu vile nilimwona akifanya nikiwa mdogo, nikahamisha kiti. Na kutoka huko alikuwa akiita kila jioni, "Munyao!", anaita jina lake mwenyewe, na huyu mtoto anageuka na kucheka, na hivyo ndivyo walivyojuana.

Hapo ndipo niliombwa nipite haraka. Jamaa walikaa, wakasema nisome kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, basi, kwa sababu kifua kikuu watu watasema ni ule ugonjwa mwingine, na shangazi akauliza ni nani atakunywa chai tena katika boma hili. Simlaumu, shangazi, nisamehe, hata mimi nilikuwa naona hivyo. Nikaenda kwa mama, akasema, "Mume wangu alikaa nje kwa baridi miezi minane. Waambie alikuwa anafanya nini huko."

Hicho ndicho alichokuwa akifanya, alikuwa anapima ili tusiambukizwe. Na wanaotaka kusema ni ule mwingine waseme, angekuwa na ule mwingine bado ningesimama hapa.

Lakini nikisema ukweli nusu nitakuwa nimesogea kama ule ukuta wa Mwala. Kifua kikuu kinatibika. Baba alipewa dawa Januari, akaanza kupona, mpaka siku moja ya Machi, kwenye foleni ya kliniki mjini, kijana ambaye baba aliwahi kumpa kadi nyekundu alimtambua, akamwambia, "Refa, kumbe hata wewe?" Labda alikuwa anamsalimia tu. Baba alitoka kwenye foleni bila dawa, akapanda baiskeli, hakurudi tena mpaka Juni, na mama, ambaye ndiye pekee aliyejua, alidhani bado anaenda. Aliporudi walimwanzisha upya, lakini mapafu yalikuwa yamechelewa. Sisi alituweka mbali kwa ajili yetu, na yeye mwenyewe akajiweka mbali na daktari kwa ajili ya aibu, na hiyo ya pili ndiyo iliyomuua. Tarehe 12 Septemba alilazwa hospitalini Machakos, na Jumanne tarehe 20 Septemba 2005, saa nne asubuhi, akapumzika, mama akiwa amemshika mkono. Mwuguzi alimwambia mama sasa hakuna ubaya kumshika, mgonjwa asimkoholee tu usoni, na mama anasema baba aligeuza uso ukutani ili ashikwe vizuri.

Huyu mtoto alipimwa Julai, akapewa dawa ya kuzuia, na ninampa kila siku. Juzi alianza kukohoa. Inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa vumbi la watu wengi waliokuja, sijui, silali, nasikiliza kifua chake. Jumatatu nampeleka, tutasimama kwenye foleni ile ile, mchana, na mkituona tusalimieni. Na nyinyi mliokaa na baba ndani ya nyumba mwaka jana mwishoni, kabla hajajua, mliokunywa naye uji na kusikiliza redio naye, nawaomba kwa heshima, mkiwa na kikohozi kisichoisha njooni. Nesi Mbinya wa zahanati yetu ameketi pale nyuma, mwenye kuona haya anaweza kuongea naye polepole, hatamwambia mtu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba, hata alipowakimbia walimpokea tena. Asanteni majirani kwa kuni na maji, na kwa punda waliobeba viti hivi, asanteni wazee mliofanya naye kazi ofisi ya elimu, asanteni marefa. Asante Mzee Ndeti, ambaye alikuja kumtembelea kila Jumapili, akikaa kule kwenye mikonge, na wote wawili wakipiga kelele kwa sababu mmoja hakuwa na sikio na mwingine hakuwa na pumzi. Marehemu amemwacha mjane mmoja, watoto watatu na wajukuu watano, watano, huyu akiwa ndani.

Asubuhi nilipowaomba vijana waweke jeneza hapo lilipo, mlishangaa kwa nini liko mbali na mahali pa kusomea. Nilipima mimi. Ni hatua kumi na moja. Baba alitufundisha kwamba ukuta hukaa pale alipouweka refa mpaka mpira upigwe, na ukishapigwa, kila mtu ana ruhusa ya kusogea.

Pumzika kwa amani, Baba. Tunakuja na Munyao.