Saa Ishirini na Moja za Mzee Uzi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake kwa ufupi. Mwenyewe hakupenda maneno mengi, isipokuwa yawe ya ndege.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Uzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya saba wa karani wa posta. Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza sekondari 1968. Jiografia aliongoza darasa. Kuimba kulimshinda kabisa.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika ofisi ya tiketi za ndege, akakaa kaunta ileile hadi alipostaafu 2009. Hapo aliweka tufe la dunia lenye ufa na uzi wenye mafundo, kila fundo kilomita elfu moja. Msafiri akiuliza safari, aliuvuta uzi toka uwanja mmoja hadi mwingine, akataja umbali, kisha akaongeza saa za kusubiri. Yeye hakuwahi kupanda ndege. "Kaunta nimwachie nani?" alisema.

Uzi aliuomba kwa fundi cherehani wa duka la jirani. Ukakatika. Akarudi. Ulipokatika mara ya sita ndani ya mwezi mmoja, fundi akamwambia, "Kaka, sema unachotaka. Uzi wangu haukatiki ovyo." Walioana tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Novemba 2022 figo zilianza kumsumbua. Jumanne tarehe 9 Mei 2023 daktari akatuambia kama kuna mtoto aliye mbali, aitwe. Kitinda mimba wao, muuguzi ng'ambo, akatoka kwake saa nne asubuhi kwa saa zetu. Kaka yake mkubwa akamwinamia mgonjwa: "Baba, ni kilomita elfu tisa na mia sita. Saa kumi na mbili tu. Leo saa nne usiku yuko hapa."

Marehemu, aliyekuwa hajasema neno tangu jana yake, akafumbua macho. "Umeipimia ndege, hukumpimia mtu. Weka tano za kubadilisha ndege, mbili za foleni, moja ya mizigo, moja ya barabara. Ishirini na moja. Nitamsubiri."

Nakiri, mimi sikuamini kwamba kaka yangu angefika asubuhi.

Jumatano, saa moja na dakika ishirini asubuhi, binti akaingia na begi begani. Baba yake akatazama saa ya ukutani.

"Hizo dakika ishirini zimetoka wapi?"

"Dereva wa teksi alipotea njia, baba."

"Huyo sikumweka," akasema, akamshika mkono.

Jamani, tulishusha pumzi! Tulicheka huku tunalia. Wakapata siku tisa za kuzungumza, na kila mmoja wetu alisema lake. Ijumaa tarehe 19 Mei, saa tisa alasiri, aliaga dunia kwa utulivu, mkewe na watoto wote watatu wakiwa kando ya kitanda chake.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano na mimi mdogo wake. Uzi umerudi kwa fundi wake.

Kaka, safari hii haina saa za kusubiri. Pumzika, umeshafika.