Mtaalamu wa Mto

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya kinyozi na fundi simu tunayemwita Satelaiti. Benchi ni moja, kahawa ni ya Mama Birika, na ubishi ni wa bure. Asubuhi moja alikuja Tofali, anayefyatua matofali bondeni, kando ya mto. Mto umemfuata miaka miwili mfululizo, na tofali bichi likiguswa na maji hurudi kuwa tope. Kuna kiwanja kule mlimani. Mwenye kiwanja anataka jibu leo, Tofali anahamia au hahamii.

Tofali: Jamani, mpwa wangu kasema haya ni mabadiliko ya tabianchi, nitafute habari za uhakika mtandaoni. Nimetafuta mpaka bando limekata. Huyu anasema hama, yule anasema kaa.

Kinyozi: Tabianchi wapi! Maghorofa yamezidi, yanaigandamiza ardhi. Dunia imeinamia upande wetu. Maji yafanyeje?

Satelaiti: Mwezi ndio umesogea. Video yake imetazamwa na watu milioni mbili. Wengi wape!

Mama Birika: Hata mwizi akikamatwa hutazamwa na wengi.

Satelaiti: Haya, msikilizeni mtaalamu. Sauti hii imezunguka makundi yote, mpaka ya harusi. Lisemwalo lipo!

Akabonyeza. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo: “Dunia imeinama, ila mwaka huu itajinyoosha. Mto hautoki. Walio bondeni watulie.”

Kinyozi: Si mnaona? Hata wataalamu wananiunga mkono.

Tofali akashusha pumzi, akatoa simu ampigie mwenye kiwanja, amwambie haji tena. Dada mmoja, aliyekuwa akisubiri simu yake ibadilishwe kioo, akauliza:

— Samahani kaka zangu, huyo mtaalamu ni nani?

Satelaiti: Mtaalamu ni mtaalamu, dada.

— Anafanya kazi wapi? Idara ya hali ya hewa wana tovuti. Mmeangalia wameandika nini?

Satelaiti: Ile? Haina hata muziki.

Tofali akairudia ile sauti, safari hii mpaka mwisho. Nyuma ya mtaalamu, mwanamke anafoka: “Kinyozi, toa mguu kwenye sinia langu!”

Mama Birika: Mungu wangu, huyo si mimi?

Tukamgeukia Kinyozi. Mwezi uliopita jino lilimvimbisha shavu, hata kusema alisema kwa shida.

Satelaiti: Nilimrekodi nikamtumia shemeji yangu tu, tucheke. Kumbe ndiyo hii imenirudia!

Tofali hakucheka. Akamwomba Satelaiti afungue ile tovuti, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari: mvua kubwa zinazidi mwaka hadi mwaka, wakazi wa mabondeni wajihadhari. Nilimwonea huruma. Akamgeukia Kinyozi.

Tofali: Ndugu yangu, yangekuwa matofali yako, ungekaa?

Kinyozi akakitazama kikombe chake.

Kinyozi: Mama Birika, imebaki kahawa?

Mama Birika: Imekwisha.

Tofali alikuwa ameshaondoka, simu sikioni, anaelekea mlimani.