Bi Salme, Aliyekataa Bahari ya Uji

Tarehe 28 Juni 2024, Bi Salme Mzamil anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uhandisi wa bandari, hapa Mombasa, kwa miaka thelathini. Tunamfurahia yeye, na tunajihofia sisi.

Alizaliwa kisiwani Koyama, akasomea uhandisi Mogadishu, na alikuwa akifundisha hesabu Kismayu vita vilipoingia mjini mwaka 1991. Alivuka kwanza hadi Koyama kumchukua mamake, Bi Zainab, kisha wakaja kwa mashua hadi Mombasa, wakaishi kambini. Mkuu wetu, Mhandisi Idarus, alimkuta huko akimweleza fundi kwa nini bomba la maji linapasuka palepale kila mara. Akamwajiri.

Kazi yetu ni kuiga bahari ndani ya kompyuta. Kabla gati halijajengwa, bahari hugawanywa vipande vidogo kama macho ya wavu, na kompyuta ikahesabu maji yanayoingia na kutoka katika kila jicho. Hesabu zikikorogeka, programu hukata roho, nasi hukimbilia mezani kwa Bi Salme. Yeye haulizi imekufa lini. Huuliza ilianza kuugua wapi.

Mwaka 2014 tulipewa kazi ya gati la Koyama, kwao hasa. Kila tulipoiwasha programu ilikufa, na kabla ya kufa ilitangaza kuwa maji ya Koyama yanakimbia kuliko ndege. Mwenzetu Ghalib alijaribu kila dawa, mwisho akayafanya maji yawe mazito. Programu ikatulia, michoro ikapendeza, na Idarus akaamuru ipelekwe kwa mteja.

Bi Salme alikataa kutia sahihi. Alisema gati likikaa vibaya, mkondo utasukumwa hadi pale jamaa zake wanapoegesha vyombo. Idarus, aliyekuwa amebanwa na mteja, alimwambia kwamba mapenzi ya kwao yamemtia kiwewe, na asiyetia sahihi atafute ofisi nyingine.

"Uji haujengewi gati, Mhandisi," alijibu kwa upole. "Nipe siku moja tu."

Akaliandama jicho la kwanza lililoharibika mpaka akafika kwenye vipimo vya kina. Wapimaji walikuwa wawili: mmoja aliandika kina kwa alama ya kutoa, wa pili kwa alama ya kujumlisha. Kompyuta, kwa utiifu wake, ikasoma kina cha mmoja wao kuwa kimo, ikasimamisha mlima katikati ya mkondo. Bi Salme alicheka hadi akashika meza.

"Hapa nilipita na mama tukikimbia vita," alituambia kwa lahaja ya kwao, ambamo mtu huitwa mchu. "Hatukuona mchu akipanda mlima."

Alama zikarekebishwa, maji yakapita, na Ghalib akapiga vigelegele ambavyo si kazi ya wanaume. Hesabu mpya ziliagiza gati lisogezwe kusini. Idarus alikuja mezani kwa Bi Salme akamwomba radhi mbele yetu sote.

Siku ya ufunguzi Bi Zainab alikiona kisiwa chake kwa mara ya kwanza tangu vita. Aliketi kwenye ncha ya gati, akakataa kuondoka mpaka asalimiane na kila apitaye. Bi Salme alisimama kando yake akilia na kucheka kwa pamoja.

Ahsante, Bi Salme, kwa subira yako na kwa kutokubali jibu zuri lisilo la kweli. Maisha ya mbele yawe mema, yenye afya na usingizi wa mchana. Programu imekwama tena tangu asubuhi, lakini leo tumeapa kutokwambia.

Nadia Jaafar, kwa niaba ya wenzako